Projesteroni ipo, kipokezi je? Utando wa mji wa mimba katika wiki za kwanza za ujauzito

Majibu ya maabara yakionyesha projesteroni ya nanogramu 14 kwa mililita siku ya saba baada ya yai kutoka, tunajua kwamba yai lilitoka kweli na kwamba ovari inatoa homoni. Kama utando wa ndani wa mji wa mimba umeipokea homoni hiyo, kipimo cha damu hakisemi. Kati ya damu na utando kuna protini ziitwazo vipokezi, na ndizo zinazoamua seli ipi itafanya nini. Seli isiyo na kipokezi cha projesteroni, hata ikizungukwa na homoni hiyo usiku na mchana, haipati agizo lolote moja kwa moja.

Kinachowachanganya wengi, wakiwemo wanaofanya kazi za afya, ni kwamba vipokezi hivi havikai mahali pamoja kwa wingi uleule. Huongezeka, hupungua, na kwenye baadhi ya seli hutoweka kabisa. La ajabu zaidi ni hili: vipokezi vya projesteroni hutoweka kwenye seli za juu za utando siku zilezile ambazo projesteroni iko kileleni kwenye damu. Anayeona hilo kwa mara ya kwanza hudhani ni kasoro. Kumbe utando unaoshindwa kuvipoteza vipokezi hivyo kwa wakati ndio wenye matatizo.

Kipokezi chenyewe

Estrojeni na projesteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo huyeyuka kwenye mafuta na kupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Vipokezi vyao vikuu viko ndani ya seli, vingi vikiwa tayari kwenye kiini. Kipokezi kisicho na homoni hushikiliwa na protini wasaidizi, hasa HSP90 na FKBP52, ambazo hukiweka katika umbo linaloweza kuipokea homoni. Homoni ikishaingia, kipokezi hubadilika umbo, huachana na wasaidizi wale, huungana wawili wawili, kisha hushika sehemu maalumu za DNA. Hapo hukusanya protini nyingine, koaktiveta, na jeni lililokuwa kimya huanza kusomwa. Kazi yote hii huchukua saa kadhaa, na mabadiliko ya tishu huchukua siku. Ndiyo maana dawa ya homoni iliyoanzwa leo haiwezi kuubadilisha utando kufikia jioni.

Wasaidizi hao si wa kupuuzwa. Panya wa maabara walioondolewa jeni la FKBP52 wana ovari nzima, wana projesteroni, wana vipokezi, lakini viinitete vyao havijipandikizi. Kipokezi kipo ila hakishiki homoni ipasavyo.

Vipokezi vya estrojeni ni vya aina mbili kuu. Alfa, ambacho jeni lake liko kwenye kromosomu ya 6, ndicho kinachoongoza ukuaji wa utando. Beta, cha kromosomu ya 14, kiligunduliwa baadaye sana, mwaka 1996, na kwenye utando wa mji wa mimba kazi yake inaonekana zaidi kwenye mishipa ya damu na seli za kinga. Kipokezi cha projesteroni kina jeni moja tu, kwenye kromosomu ya 11, lakini jeni hilo husomwa kuanzia sehemu mbili tofauti na kutoa protini mbili. B ni ndefu, yenye amino asidi 933. A imekatwa amino asidi 164 za mwanzo. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kwa sababu A inaweza kuzuia kazi ya B na hata ya kipokezi cha estrojeni. Panya walioondolewa A peke yake hawashiki mimba. Walioondolewa B peke yake mji wao wa mimba hufanya kazi, ila matiti hayakui vizuri wakati wa ujauzito.

Kujua kwamba kuna kitu kama kipokezi kulichukua muda. Mwaka 1929, George Corner na Willard Allen walionyesha kwamba sungura aliyeondolewa ovari anaweza kuendelea na mimba akidungwa kiini-dawa kilichotolewa kwenye kopasi luteamu, ile tezi ya muda inayobaki kwenye ovari yai likishatoka. Projesteroni safi ilipatikana mwaka 1934. Lakini kwa nini mji wa mimba uitikie na msuli wa mguu usiitikie, wakati damu ni ileile? Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Chicago, Elwood Jensen na Herbert Jacobson waliitia estrojeni tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, wakawadunga panya wachanga wa kike, kisha wakafuatilia ilikokwenda. Tishu nyingi ziliipokea na kuiachia. Mji wa mimba uliing'ang'ania. Palikuwa na kitu kinachoishika, na mwaka 1986 jeni la kipokezi cha estrojeni cha binadamu lilisomwa lote.

Kila aina ya seli na vipokezi vyake

Utando wa mji wa mimba ni mchanganyiko wa seli za namna nyingi. Juu, upande ambako kiinitete kitatua, kuna mstari mmoja wa seli za epitelia. Mstari huo huzama chini na kufanya mirija ya tezi. Katikati ya tezi kuna stroma, seli za kiunganishi zinazoshikilia kila kitu pamoja. Ndani ya stroma hupita ateri zilizojisokota, na humohumo hukaa seli za kinga. Chini kabisa kuna tabaka la msingi ambalo halitoki na hedhi. Hilo ndilo linalootesha utando mpya.

Kwa hiyo ukisoma kwamba vipokezi vya projesteroni "vimepungua", swali la kwanza liwe: kwenye seli zipi? Kipande cha utando kikisagwa chote kwa pamoja na kupimwa, hutoa wastani wa epitelia na stroma, na wastani huo hauelezi hali halisi ya epitelia wala ya stroma. Tafiti nyingi za zamani zinazopingana zinapingana kwa sababu hii tu.

Jinsi vipokezi vinavyopanda na kushuka

Hedhi ikiisha, estrojeni inayotoka kwenye kifuko cha yai linalokua hushika kipokezi cha alfa kwenye epitelia na stroma. Huamuru seli zigawanyike, na utando hunenepa. Papo hapo huwasha jeni la kipokezi cha projesteroni. Jambo hili la pili ndilo msingi wa kila kitu kinachofuata: bila estrojeni ya kutosha kutangulia, projesteroni ikija haikuti pa kushika. Siku za yai kutoka, kipokezi cha alfa na cha projesteroni vyote viwili huwa tele kwenye tezi na kwenye stroma.

Kisha projesteroni huingia na kuigeuza hali. Katika mzunguko wa siku 28, siku ya 16 na ya 17 tezi bado zina vipokezi vingi na huanza kujaza glaikojeni, sukari ya akiba, chini ya viini vya seli zake, dalili ambayo mtaalamu huitambua mara moja kwenye darubini. Kuanzia siku ya 19 vipokezi vya epitelia hupungua haraka. Kufikia siku ya 21 na zaidi, tezi za tabaka la juu huwa karibu hazina tena kipokezi cha projesteroni wala cha alfa, wakati tezi za tabaka la msingi huvibakiza. Stroma nayo hubaki na vipokezi vya projesteroni, hasa vya aina ya A.

Vinatowekaje? Kwanza, projesteroni hupunguza usomwaji wa jeni la kipokezi cha alfa, na kwa kuwa alfa ndicho kilichokuwa kikiwasha jeni la kipokezi cha projesteroni, utengenezaji wa vipokezi vipya hukwama. Pili, kipokezi kilichoshika homoni hubandikwa fosfati, kwa mfano kwenye serini ya 294, kisha huwekewa alama ya ubikwitini, protini ndogo inayoashiria cha kutupwa, na kuvunjwavunjwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini. Kipokezi kinachofanya kazi kwa nguvu ndicho kinachokufa mapema. Tatu, projesteroni huongeza kimeng'enya kinachoigeuza estradioli, estrojeni kuu, kuwa estroni, ambayo ni dhaifu, kwa hiyo hata estrojeni iliyobaki kwenye epitelia hupoteza makali.

Faida yake inaonekana kwenye protini zinazotokea epitelia ikishaachiliwa. Integrini ya alfa-v beta-3, mojawapo ya protini ambazo kiinitete huweza kujishikizia, huonekana kwenye epitelia ya binadamu karibu na siku ya 20, wakati uleule vipokezi vya projesteroni vinapoondoka. Kwa wanawake ambao vipokezi vyao vya epitelia vimechelewa kuondoka, integrini hiyo nayo huchelewa. Epitelia inayoendelea kushikwa na homoni hubaki katika hali ya kujikuza au ya kufunga, na kiinitete kikifika hakipokelewi.

Mtu atauliza: kama epitelia haina tena kipokezi, projesteroni inaiongozaje? Jibu ni stroma. Stroma inaipokea projesteroni kwa niaba ya jirani yake. Kwa panya, ambako mnyororo huu umefuatiliwa hatua kwa hatua, projesteroni ikishika kipokezi cha stroma huwasha protini iitwayo HAND2, na HAND2 huzima vichochezi vya ukuaji vya jamii ya FGF ambavyo stroma ilikuwa ikiipelekea epitelia. Epitelia huacha kugawanyika hata estrojeni ikiwepo. HAND2 ikikosekana, epitelia huendelea kukua na mimba haitungi. Mawasiliano ya upande wa pili yapo pia: siku za mwanzo za projesteroni, epitelia ikiwa bado ina vipokezi, hutoa protini ya IHH ambayo huiandaa stroma kwa kazi inayokuja. Ni kupokezana kwa zamu, na kila upande una muda wake. Ukiuvuruga muda, kiasi cha homoni hakiokoi.

Siku za kujipandikiza

Kiinitete hufika kwenye mji wa mimba siku tatu au nne baada ya mbegu kuingia kwenye yai, hujitoa kwenye gamba lake, kisha hutafuta pa kushika. Utafiti wa Allen Wilcox na wenzake uliochapishwa mwaka 1999, uliopima homoni ya mimba, hCG, kwenye mkojo wa kila siku, ulionyesha kwamba mimba zilizoendelea zilijipandikiza kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, na asilimia 84 kati yake zilifanya hivyo siku ya 8, 9 au 10. Kati ya mimba zote zilizojipandikiza kufikia siku ya 9, asilimia 13 zilipotea mapema. Siku ya 10, asilimia 26. Siku ya 11, asilimia 52. Baada ya hapo, asilimia 82.

Takwimu hizi haziwezi peke yake kututenganishia lawama kati ya kiinitete kilichochelewa kwa sababu ni kibovu na utando uliopitwa na wakati. Lakini zinakubaliana na kinachoonekana kwenye vipokezi: dirisha hufunguka, hukaa wazi siku chache, hufungwa.

Mara tu seli za nje za kiinitete zinapogusana na damu ya mama, hCG hupanda kwenda kwenye ovari na kushika vipokezi vya LH (homoni ya tezi ya ubongoni inayochochea yai kutoka) vya kopasi luteamu. Bila hCG, tezi hiyo huishi takribani siku 14 tu kisha hunyauka, projesteroni hushuka na hedhi huja. Ikiwepo hCG, kopasi luteamu huendelea kutoa projesteroni hadi kondo litakapojitegemea.

Desidua

Kwa binadamu, stroma haisubiri kiinitete. Karibu na siku ya 23 ya mzunguko, seli zilizo kandokando ya ateri zilizojisokota huanza kubadilika zenyewe: kutoka nyembamba na ndefu huwa mviringo, kubwa, zenye glaikojeni na mafuta. Panya huhitaji kiinitete kiguse kwanza, sisi hatuhitaji. Mimba isipotunga, tabaka hilo hutoka na hedhi. Mimba ikitunga, mabadiliko huenea kwenye utando wote, na tishu hiyo mpya huitwa desidua.

Projesteroni pekee huibadilisha stroma polepole sana. Kinachoharakisha ni cAMP, ishara ya ndani ya seli inayopandishwa na prostaglandini E2 (kemikali ya mafuta inayotolewa na tishu zenyewe), homoni ya relaksini na vichochezi vingine vyenye vipokezi kwenye uso wa seli. cAMP huongeza protini ya FOXO1, na FOXO1 hushirikiana na kipokezi cha projesteroni juu ya DNA. Mbili hizo zikikutana ndipo seli inapoanza kutoa prolaktini na IGFBP-1, ambazo maabara huzitumia kama alama kwamba desidua imekamilika. Kwenye sahani ya maabara, seli za stroma za binadamu zikipewa projesteroni pamoja na cAMP hugeuka ndani ya siku chache. Ukiiondoa projesteroni, hurudi nyuma na kuanza kutoa kemikali za inflamesheni, yaani uvimbe unaoletwa na kinga. Kwenye mimba halisi hali ni hiyohiyo: desidua hutegemea projesteroni kila siku, na vipokezi vya stroma vikizibwa, hubomoka.

Seli za kinga zinastahili kutazamwa kwa karibu. Katika miezi mitatu ya kwanza, takribani asilimia 70 ya chembe nyeupe kwenye desidua ni seli NK (seli za kinga ziitwazo "wauaji asilia") za mji wa mimba, ambazo husaidia kutanua ateri ili damu ifike kwenye kondo bila msukumo mkali. Seli hizi hazina kipokezi cha projesteroni wala cha alfa. Zina kipokezi cha beta cha estrojeni na kile cha glukokotikoidi, homoni za jamii ya kotisoli. Hata hivyo huongezeka pale projesteroni inapopanda, kwa sababu stroma iliyogeuka desidua hutoa IL-15, protini ya kuwasiliana na seli za kinga, na hiyo ndiyo inayozikuza. Tunalisisitiza hili kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba projesteroni "inatuliza kinga" kana kwamba inazishika seli hizo moja kwa moja. Kwa seli NK za utando, njia yake ni stroma.

Tezi nazo, zikiwa hazina vipokezi vya projesteroni, hazijaacha kazi. Kwa wiki kama kumi za kwanza, kabla damu ya mama haijaanza kuzunguka kikamilifu ndani ya kondo, kiinitete hulishwa na majimaji ya tezi yenye sukari, mafuta na protini. Tezi zina vipokezi vya prolaktini, na desidua iliyo jirani yake ndiyo kiwanda cha prolaktini.

Mambo yanapoharibika

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kipokezi ndicho kinachoamua ni dawa ya mifepristone, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1980. Hushika kipokezi cha projesteroni kwa nguvu kuliko projesteroni yenyewe, na ikishika huvuta protini zinazofunga jeni badala ya zile zinazofungua. Mwanamke anaweza kuwa na projesteroni ya nanogramu 20 au zaidi kwenye damu, lakini desidua hufanya kama vile haipo: huvunjika, prostaglandini hupanda, kiinitete hupoteza mshiko.

Kwenye endometriosisi, ugonjwa ambao tishu kama utando huu huota nje ya mji wa mimba, tatizo hujitokeza kwa njia nyingine. Kwenye tishu hiyo, kipokezi cha projesteroni cha aina ya B huwa karibu hakuna, kwa kuwa sehemu ya jeni inayokiwasha imefunikwa na vikundi vya methili. Kipokezi cha beta cha estrojeni, kinyume chake, kimefunuliwa na kuwa kingi kupita kiasi. Tishu hiyo hujitengenezea estrojeni na haina kimeng'enya cha kutosha cha kuidhoofisha. Kwa baadhi ya wagonjwa, utando ulio ndani ya mji wa mimba nao huonyesha ukaidi huohuo kwa projesteroni. Kuongeza dozi husaidia kidogo tu, kwa sababu kilichopungua ni kinachopokea.

Kwa wenye PCOS, hali ya ovari zenye vifuko vingi vidogo ambapo mara nyingi yai halitoki, yai likikosa kutoka kwa miezi kadhaa, estrojeni hufanya kazi bila mpinzani. Hata mzunguko unapopata projesteroni, kipokezi cha alfa huelekea kubaki kwenye epitelia siku ambazo kingepaswa kuwa kimeondoka, na vipokezi vya androjeni, homoni za kiume, huwa vingi kuliko kawaida. Inflamesheni ya muda mrefu ya utando na mrija wa uzazi uliojaa majimaji pia hubadili protini za epitelia. La mwisho hutibiwa kwa kuondoa au kufunga mrija, wala si kwa homoni.

Lipo pia kosa la kibinadamu: kuanza projesteroni kabla ya wakati. Mwanamke anayetafuta mimba akianza kumeza au kuweka projesteroni siku ya 10 ya mzunguko "ili kuimarisha kizazi", vipokezi huanza kushuka kabla yai halijatoka. Kiinitete kitakapofika, dirisha litakuwa limeshafungwa, na ovari yenyewe inaweza kuzuiwa isitoe yai.

Kupima vipokezi kwenye kipande cha utando

Kipande hutolewa kwa mrija mwembamba, mwanamke akiwa hana mimba. Tarehe ihesabiwe kutoka kwenye kupanda kwa LH. Ikihesabiwa kutoka hedhi iliyopita peke yake, hitilafu ya siku mbili inatosha kugeuza jibu. Kipande huingizwa mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, kwa sababu kikikaa hewani protini za vipokezi huanza kuharibika na matokeo hutoka hasi kwa uongo. Baada ya kugandishwa kwenye nta na kukatwa vipande vyembamba, hupakwa kingamwili inayoshika kipokezi, na rangi ya kahawia hutokea kwenye viini vya seli zenye nacho.

Hesabu inayotumika sana ni H-skoa: asilimia ya seli zenye rangi hafifu mara 1, za wastani mara 2, zenye rangi kali mara 3, kisha kujumlisha. Stroma yenye asilimia 60 kali, 20 za wastani na 10 hafifu hupata 180 na 40 na 10, yaani 230 kati ya 300. Epitelia ihesabiwe peke yake na stroma peke yake. Ripoti ya siku ya saba baada ya LH inayosema epitelia 20 na stroma 230 ni ripoti njema. Ingekuwa epitelia 220, hapo pana jambo. Tabaka la msingi likiingia kwenye kipande, liachwe nje ya hesabu, maana huko vipokezi hubaki siku zote na vitamdanganya msomaji.

Kwa uamuzi wa matibabu, vipimo hivi bado havijathibitika. Hata kipimo cha jeni 238 kilichouzwa kwa ajili ya kupanga siku ya kupandikiza kiinitete kilijaribiwa kwa kulinganisha makundi, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa waliopangiwa siku kwa kipimo hicho hawakupata watoto zaidi ya waliofuata ratiba ya kawaida. Hatuoni sababu ya kumlipisha mgonjwa.

Homoni za kutoka nje

Mwaka 1984 kundi la Melbourne, Australia, liliripoti mimba kwa mwanamke ambaye ovari zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, kwa kutumia yai la mwanamke mwingine na homoni za kuandaa utando. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba estrojeni kwanza, projesteroni baadaye, zinatosha kujenga vipokezi na kuviondoa kwa mpangilio wake.

Ratiba ya kawaida ya kiinitete kilichogandishwa ni estradioli ya miligramu 6 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Utando ukifika milimita 7 au zaidi na kuonyesha mistari mitatu kwenye ultrasaundi, projesteroni huanza, na estradioli haiachwi. Blastosisti, yaani kiinitete cha siku tano, huwekwa baada ya siku tano kamili za projesteroni, siku ya sita. Kuhesabu siku ya kwanza vibaya ni kosa dogo la kalenda lenye gharama kubwa, kwa hiyo andika tarehe na saa ya dozi ya kwanza.

Projesteroni ya ukeni hutumika kwa miligramu 400 mara mbili kwa siku, au 200 mara tatu. Sindano ya mafuta ni miligramu 50 kwa siku. Ikiwekwa ukeni, sehemu kubwa huenda moja kwa moja kwenye mji wa mimba, kwa hiyo damu huonyesha kiwango cha chini huku utando ukiwa na kingi. Hilo lisichukuliwe kumaanisha kwamba damu haina maana: kwenye mizunguko isiyo na kopasi luteamu, yaani ambayo yai halikutoka na homoni zote zinatoka nje, wenye chini ya nanogramu 10 hivi siku ya kupandikiza hupata matokeo duni zaidi, na vituo vingi huwaongezea sindano. Dozi zinazorukwa ndizo chanzo cha kawaida cha upungufu. Desidua haina akiba.

Kwa mimba zilizopatikana kwa njia ya kawaida, ushahidi ni mwembamba kuliko matumaini. Jaribio la PROMISE la mwaka 2015, kwa wanawake 836 waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana, lilipata watoto hai asilimia 66 kwa waliotumia projesteroni na 63 kwa waliotumia dawa bandia. Tofauti hiyo haikuzidi ya bahati. PRISM ya mwaka 2019, kwa wanawake 4,153 waliotokwa damu katika mimba changa, ilipata 75 dhidi ya 72, lakini kwa waliokuwa wameshapoteza mimba tatu au zaidi ilikuwa 72 dhidi ya 57. Kwa msingi huo, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unapendekeza miligramu 400 ukeni mara mbili kwa siku kwa mwanamke mwenye mimba iliyothibitishwa ndani ya mji wa mimba, anayetokwa damu na aliyewahi kupoteza mimba, hadi wiki 16 zitimie. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na kasoro za kromosomu, na hapo kipokezi hakina la kufanya.

Kuhusu kuacha, miaka ya 1970 mtafiti Arpad Csapo alionyesha kwamba kopasi luteamu ikiondolewa kabla ya wiki ya 7 mimba hutoka, na ikiondolewa baada ya wiki ya 9 huendelea, kwa kuwa kondo limeshachukua kazi. Kwa mizunguko isiyo na kopasi luteamu, vituo vingi huendelea hadi wiki ya 10 au ya 12. Kabla ya kuanza au kuongeza dozi kwa mwenye damu na maumivu ya upande mmoja wa tumbo, ultrasaundi ifanywe kwanza: mimba iliyotunga kwenye mrija haitibiwi na projesteroni, na muda unaopotea ukisubiri dawa ifanye kazi unaweza kuupasua mrija.